Uji wa Baba Ulimponza Mama Somoe

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Hata kuandika haya siwezi kutulia: nakaa, nasimama, natoka nje, narudi tena. Jina langu sitalitaja. Niiteni Mama Fadhili, mkulima wa korosho huku Mnyambe, Newala. Na majina ya wengine nimeyabadilisha.

Baba yangu alipigwa na kiharusi wakati wa palizi ya mikorosho. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto ukafa. Hospitali wakamtibu, wakaturudisha nyumbani na dawa za presha. Wakasema ameze kila siku, maisha yake yote, hata akijisikia mzima.

Alizimeza kwa muda tu. Alipoanza kushika kikombe mwenyewe, akagoma.

"Nimeze dawa ya nini na siumwi? Hiki ni kitu cha kutupiwa, uchawi!"

Akaenda kwa mganga mmoja upande wa Lupaso. Akapewa mafuta ya kuchua na mizizi ya kuchemsha, na sharti juu yake: asichanganye na vidonge vya hospitali. Vidonge vyote akavimwaga chooni, mimi namwangalia!

Nilimbembeleza. Nililia. Wapi! Nikaona baba ananifia hivi hivi. Nikaenda zahanati, nikachukua dawa nyingine na kuwaambia anameza vizuri. Kumbe nazisaga kwa mgongo wa kijiko, nazikorogea kwenye uji wake wa asubuhi na sukari nyingi. Akilalamika uchungu, nasema muhogo wa safari hii mchungu.

Baba akainuka, jamani! Akawa anakwenda msikitini kwa miguu yake. Na kila penye watu, msibani, kwenye mnada wa korosho, hadithi yake ni ile ile.

"Nitazameni! Hospitali walinitisha, eti vidonge mpaka kaburini. Mganga kaninyanyua!"

Watu wananigeukia, wananisifu kwa kumtunza mzazi. Na mimi nacheka nao! Ninajua kila kitu, nacheka!

Sasa jirani yetu, Mama Somoe. Mjane, kiharusi kilimpata kabla ya baba. Mguu alikuwa anauburuta, lakini anapika, anatania watu. Binti yake Somoe alikuwa akimpa dawa zake za presha bila kukosa. Siku moja mama huyu akanifuata uani, mimi naanika makopa ya muhogo.

"Mama Fadhili, wewe ndiye unayemlisha baba yako. Usinifiche mwenzio. Kweli ni ile mizizi tu?"

Baba alikuwa barazani, nasikia anavyokohoa. Ningesema kweli angesikia, na uji asingeugusa tena. Lakini ningeweza kumvuta Mama Somoe nyuma ya nyumba. Ningeweza kumfuata kwake baadaye, ni pale tu ng'ambo ya njia! Sikufanya.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Si unamwona mwenyewe?"

Akanishika mkono, akanishukuru. Akanishukuru, jamani!

Moyo ulinisuta. Nikajiambia nitakwenda kesho. Kesho yake kukawa na foleni ya maji, na mnajua shida ya maji huku kwetu. Halafu korosho zikaanza kudondoka, kila mtu shambani. Nikimwona kwa mbali ananipungia mkono, nami nampungia. Basi, siku zinapita.

Mama Somoe alianguka akitawadha kwa ajili ya alasiri. Nilipofika mbio, Somoe alikuwa amempakata, mama anatoa sauti isiyo na maneno. Tukampakia kwenye pikapu ya kubebea korosho mpaka Newala mjini. Alirudi hai. Lakini ulimi umekwenda, hasemi tena, na hawezi hata kujigeuza kitandani.

Nilipokwenda kumjulia hali, Somoe hakunipigia kelele. Heri angepiga!

"Nimekuta vidonge chini ya godoro," aliniambia. "Nikimpa, anaviweka shavuni, nikigeuka anatema. Mwanzoni aligoma waziwazi, anataka mizizi ya mganga wa baba yako, nikamwambia ni uongo. Akanijibu, 'Mama Fadhili hawezi kunidanganya.'"

Nilitoka pale sijui nakanyaga wapi. Nikamkuta baba barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jirani anaendeleaje?"

"Baba, si mizizi. Ni vidonge. Nakuwekea kwenye uji."

Aliacha kuuchua ule mkono wa kushoto kwa mafuta ya mganga.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipovimwaga."

"Na nilipokuwa nawahubiria watu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

"Ukaniacha niseme."

Hakunipiga. Hakunifokea. Baada ya swala ya Ijumaa alisimama mbele ya watu akasema amewapotosha, kilichomwinua ni dawa ya presha. Wengine walimwamini. Wengine wanasema binti yake kamloga, na kwa mganga bado wanakwenda.

Sasa dawa anameza mwenyewe. Chakula changu hagusi, anakula kwa shangazi. Nikimwamkia ananiitikia "marahaba", basi, hakuna neno la pili.

Somoe nilimweleza yote. Aliinama kitandani kwa mama yake, akasema, "Shika bega hilo, tumgeuze." Tangu siku hiyo nakwenda kila siku kumwogesha na kumgeuza mama yake. Mama Somoe nilimwambia pia, nimepiga magoti kando ya kitanda. Akageuza macho ukutani. Sijui amenisikia. Sijui kama kugeuka kule kulikuwa jibu. Swali hilo linanizunguka kichwani nikipika, nikiswali, nikipalilia.

Nesi wa zahanati nilipomweleza alinigombeza. "Kwanza si kila kidonge kinasagwa. Pili, ungeniambia anakataa, ningekuja tukae naye tumsikilize anaogopa nini." Ilikuwa rahisi hivyo, jamani! Na mimi sikufungua mdomo.

Wenzangu mnaouguza watu wa kiharusi, msifuate njia yangu. Mgonjwa akikataa dawa za presha, msimfanyie ujanja wa sufuriani. Mleteeni nesi, shehe, padri, rafiki anayemwamini, yeyote wa kuzungumza naye. Akipata nafuu, mwambieni ni ile dawa, aendelee nayo.

Na jirani akikuuliza mgonjwa wako kapona kwa kitu gani, usidhani ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Anakuuliza kwa ajili ya uhai wake mwenyewe. Mjibu kweli.