Mawe ya Matumbawe Sebuleni

Mume wangu alipopata kiharusi, maneno yote yalimtoka isipokuwa moja: hapana. Ukimuuliza kama anataka chai, hapana. Ukimuuliza kama maumivu yamepungua, hapana, huku akitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Daktari alituambia hali hiyo hutokea, kwamba neno linaweza kubaki mdomoni hata kama silo analolikusudia mgonjwa. Nikajifunza kusikiliza sauti. Hapana ya kukubali aliivuta, ikashuka taratibu. Hapana ya kukataa ilikatika ghafla.

Alikuwa mtu wa Kilwa. Mimi nimezaliwa Mkuyuni, huku Morogoro, na bahari niliiona nikiwa mtu mzima, yeye ndiye aliyenipeleka. Alikuwa fundi wa maabara chuoni Mazimbu, na alipostaafu aliniambia anataka kuweka bahari sebuleni. Nilidhani ananitania. Akanunua tangi kubwa la kioo, pampu na taa, akachanganya maji na chumvi maalumu. Kisha akaagiza mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu huko pwani kwa ajili ya kujengea, mepesi na yenye matundu kila mahali. Kila mgeni aliyeingia alielezwa kwamba hayakung'olewa baharini, kwamba matumbawe hai ni marufuku kuyagusa. Aliyapanga mwenyewe, jiwe juu ya jiwe, mpaka yakawa mnara uliokaribia uso wa maji. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe walichagua tundu la juu, wakawa hawatoki humo ila kwa kula.

Mnara ulianguka asubuhi moja ya masika, mwaka ule aliougua. Nilikuwa namvalisha shati. Tukasikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi limetupwa sakafuni. Nilipofika sebuleni maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Kioo kilikuwa kizima. Maji yalipotulia ndipo tukaona jiwe la chini limezama upande mmoja. Mle ndani kulikuwa na kijisamaki kinachochimba mchanga kutafuta chakula, na kilikuwa kimekula msingi wote. Mmoja wa wale samaki wa rangi ya chungwa alikuwa amelaliwa na jiwe.

Mume wangu alimtazama samaki yule kwenye kiganja changu, akalia. Hakuwahi kulia hospitalini.

Dada yake alikuwa amekuja kutoka Kilwa kunisaidia kuuguza. Alisimama mlangoni na kitambaa cha kudekia mkononi.

"Wifi," aliniambia, "hili tangi tumpe mtu. Mgonjwa mmoja anatutosha humu ndani."

Nami nilikuwa nimechoka. Lakini mume wangu aligonga mkono wa kiti. "Hapana!" Ilikatika kama kijiti. Wifi yangu hakulirudia neno lile tena.

Baada ya sala ya adhuhuri tukaanza. Samaki tuliwahamishia kwenye ndoo yenye pampu ndogo ya hewa, nusu ya maji tukayahifadhi kwenye madumu. Nikavuta kiti cha mume wangu mpaka magoti yake yakakaribia kioo. Nikainua jiwe la kwanza.

"Hapa?"

"Hapana." Ya kukataa. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto chini, akakizungusha.

Nilikawia kumwelewa. Alitaka niusogeze mchanga kwanza, jiwe likae juu ya sakafu ya kioo yenyewe, ili chochote kitakachochimba kisiweze kulitikisa. Nikalikaza, nikalisukuma kwa nguvu, halikucheza. Hapana, akasema, ya kushuka taratibu.

Tukaendelea hivyo alasiri yote. Hatukujenga mnara tena. Tulipanga vilima viwili vifupi, katikati tukaacha njia ya maji. Wifi yangu, ambaye alisema tulitoe, alikuwa amepandisha mikono ya gauni hadi mabegani na ananigombeza kwamba jiwe langu limekaa upande.

Nilipodhani tumemaliza, mume wangu alikataa. Nikageuza jiwe la nyuma, akakataa. Nikaliondoa, nikaweka jingine, akakataa.

"Sasa kosa liko wapi, mzee wangu? Yamekaa vizuri."

Alinishika kifundo cha mkono, akauongoza mkono wangu majini, nyuma ya kilima, baina ya mawe na kioo cha upande wa ukutani. Mkono ulikwama. Nikasogeza mawe mbele kidogo. Akanipa dodoki la kusugulia kioo, akaniashiria nijaribu tena. Safari hii mkono ulipita mpaka chini.

Akaunyanyua mkono wake wa kulia uliolegea kwa ule wa kushoto, akautazama, akaurudisha mapajani. Alikuwa anapima kwa mkono wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akikisugua kioo kile siku zote.

Nikasema nakwenda kutafuta kitambaa. Jikoni nilisimama nimeshika ukingo wa sinki. Wifi yangu akanifuata.

"Ameshajua," alisema kwa sauti ndogo. "Ametutangulia kujua."

Tukakumbatiana, tumelowa chumvi mpaka viwiko.

Aliishi hadi kipupwe cha mwaka uliofuata. Maneno machache yalimrudia, *njoo*, na *maji*, na jina langu mara mojamoja. Siku nyingi alikaa mbele ya tangi tangu chai ya asubuhi, na nikitoka shuleni ninakofundisha nilimkuta hapohapo. Tulimzika hapa Morogoro, kwa kuwa ndivyo alivyotaka tangu akiwa mzima, na ndugu zake wa Kilwa walikubali.

Yule samaki aliyebaki alihangaika muda mrefu kabla ya kuchagua tundu. Sasa anakaa chini, upande wa dirishani. Juzi niliona mabaka ya waridi yameanza kutambaa juu ya mawe, magumu kama rangi iliyokauka, mwani ule wa baharini unaoota maji ya chumvi yakishatulia. Nikayapiga picha, nikamtumia wifi yangu Kilwa. Akanipigia saa ileile.