Nilivyomsomea Bibi wa Vällingby Chati ya Waingereza

Mwaka wangu wa tatu katika kazi ya kuhudumia wazee majumbani huku Sweden, nilipangiwa kila Ijumaa jioni bibi mmoja wa Vällingby, aliyekaa peke yake ghorofa ya nne. Kwenye simu ya kazi aliandikiwa hivi: chakula cha jioni, dawa, dakika ishirini na tano. Chini yake mwenzangu mmoja alikuwa ameongeza: "Atakuomba umsomee orodha. Mwambie huna muda."

Mimi nilikuwa nakaa Jordbro, upande wa pili kabisa wa jiji, peke yangu pia. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa amehamia Göteborg kikazi. Tangu aondoke nilikuwa nachukua zamu za Ijumaa ambazo wenzangu wenye familia hawakuzitaka, kwa sababu Ijumaa jioni ndipo nyumba yangu iliponishinda. Siku nyingine nilirudi, nikapika, nikalala. Ijumaa nilisikia majirani wakipokea wageni kwenye ngazi, viatu vikivuliwa, watoto wakikimbia, na sikujua nikae chumba gani.

Bibi alinifungulia mlango akiwa ameegemea kigari chake cha kutembelea. Alikuwa mrefu, nywele nyeupe amezikata fupi sana, na alikuwa akitazama sikio langu. Baadaye nilielewa. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati, yanaona pembeni tu, kwa hiyo alipotaka kuuona uso wako alitazama kando yake. Nilimpashia moto samaki na viazi, nikamwekea vidonge kwenye kisahani. Hakugusa uma.

"Unasoma Kiingereza?" aliuliza.

"Kidogo."

"Na namba?"

"Namba najua."

"Basi kaa."

Akanisukumia kishikwambi. Palikuwa na chati ya nyimbo za Uingereza, ile inayotoka kila Ijumaa, ikionyesha wimbo gani uko nafasi gani wiki hii, ulikuwa wapi wiki iliyopita, na umekaa humo wiki ngapi. Mbele yake mwenyewe aliweka daftari kubwa na kalamu nyeusi nene, ya kuandikia maandishi anayoweza kuyaona. Nikaanza na jina la wimbo wa kwanza. Akapiga meza kwa kiganja.

"Hapana. Tunaanzia arobaini, tunapanda. Na jina la wimbo linakuja mwisho. Kwanza nafasi ya sasa, kisha ya wiki iliyopita, kisha wiki. Nataka kubahatisha mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Nikasoma namba tatu. Akafikiri kidogo akasema, "Huo ni wa yule dada anayeimba kama ana mafua." Nikatazama jina la mwimbaji ambalo sikulijua, nikamtajia. Ni yeye. Katika nyimbo kumi za kwanza alipata nane. Tulipofika ishirini na mbili simu ya kazi ikanilia mfukoni.

"Lazima niende," nikasema.

Akafunika kalamu. "Wote huishia hapo," akasema, na ndipo alipouchukua uma, chakula kikiwa kimeshapoa.

Ndani ya treni nilimfikiria. Sikuwa mtu wa nyimbo za Kiingereza. Nilikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, na muziki wangu ulikuwa wa harusi na wa kwaya. Lakini kile chakula kilichopoa kilinikaa moyoni. Ijumaa iliyofuata nilibadilisha mpangilio: nilisoma huku chakula kikizunguka kwenye maikrowevu, nikasoma huku nikifungua vidonge, nikasoma nimesimama. Ijumaa ya tatu tulifika nafasi ya kwanza na dakika nne zikabaki. Bibi aliniuliza kama nataka kahawa.

Shida ilikuwa namna ya kumwita. Wasweden huitana majina tu, mkubwa na mdogo, na yeye alinitajia lake mara mbili. Mimi mama aliyenizidi miaka thelathini nitamwitaje jina kavu kama mtoto niliyemzaa? Wiki kadhaa sikumwita chochote, nikawa naanza kusema tu. Siku moja nikajaribu *tant*, neno ambalo nilisikia watoto wa zamani wa Sweden walimwitia mwanamke mtu mzima. Alicheka mpaka akakohoa.

"Tant ni mwanamke mwenye kofia na mkoba," akasema. "Kwenu ungeniita nani?"

"Bibi."

"Basi hilo."

Na mimi akaniita kwa jina langu, akilitamka vibaya, na sikumsahihisha.

Namba za Kiswidi zilikuwa zikinitesa, hasa saba, ambayo kwao huanza na mlio kama wa kupuliza chai ya moto. Jioni moja nilikuwa nimechoka, nikateleza nikasema "thelathini na saba" kwa Kiswahili. Akainua kichwa. Alitaka aisikie tena. Kuanzia hapo ikawa namba ni za Kiswahili. Alizijifunza kwa mwezi mmoja na nusu, kutoka arobaini kurudi nyuma, kwa hiyo alijua arobaini vizuri kuliko nne. Binti yangu nilikuwa nikimsemesha Kiswahili kwenye simu, akinijibu Kiswidi, miaka kumi na zaidi. Na hapa ajuza wa Vällingby ananiambia, "Thelathini na tatu, wiki iliyopita ishirini na sita. Unashuka huo. Wiki ijayo umekwisha." Mara nyingine nilimsikiliza nikasahau zamu.

Nilijifunza mengi. Nilijua kuwa mwimbaji mkubwa akitoa albamu, nyimbo zake tatu zinaingia kwa pamoja na kuwasukuma wengine chini. Nilijua kuna nyimbo zisizopanda wala kushuka, zinakaa thelathini na kitu mwaka mzima. Nilijua Desemba nyimbo za Krismasi za zamani, nyingine za watu waliokwisha kufa, hurudi na kujaza chati, na wiki ya kwanza ya Januari zote hutoweka kwa mkupuo. Bibi aliichukia wiki hiyo.

Ndiyo wiki aliyonisimulia kuhusu dada yake. Nje kulikuwa na theluji chafu. Kati ya nyimbo arobaini, karibu zote zilikuwa ngeni au zimerudi, na mkono wake ukachoka kuandika.

"Zamani ilikuwa Jumapili," akasema. "Kuihamishia Ijumaa ni ujinga. Jumapili jioni ndiyo saa yake."

Dada yake mdogo aliolewa na Mwingereza akahamia huko, nao walikuwa bado wasichana. Kupiga simu nje ya nchi halikuwa jambo la kila mtu. Wakakubaliana kwa barua kwamba kila Jumapili, chati ikisomwa kwenye redio ya Uingereza, kila mmoja awe mbele ya redio yake. Bibi wakati huo alikuwa muuzaji katika duka la santuri pale pale Vällingby. Aliishika stesheni ile ikiwa inakoroma kama mtu aliyelala, akaandika kila namba. Barua za dada zikawa chache, kisha kadi za Krismasi tu, kisha dada akafa. Bibi akaendelea kuandika.

"Saa ile nilijua yuko wapi," akasema. "Siku nyingine sikujua."

Kisha akaniuliza, "Wewe una nani?"

Nikamwambia nina binti. Nikamwambia pia nilikuwa na kaka, tukapotezana njiani wakati wa kukimbilia mpaka wa Tanzania, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Katika kambi ya wakimbizi niliandikisha jina lake kila mahali palipokuwa na meza na karatasi. Sikupata jibu.

Hakuniambia pole. Kiswidi hakina neno kama letu, na nadhani hata angekuwa nalo asingelitumia. Aliuliza tu, "Alipenda muziki wa namna gani?"

Maofisa wa nchi mbili walikuwa wameniuliza habari za kaka yangu. Waliuliza tarehe, mahali, na nani alituona. Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Ilibidi nifikirie.

"Wowote wenye tarumbeta," nikasema.

Mwezi wa tatu msimamizi wa zamu aliniita ofisini. Alikuwa kijana mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Simu ya kazi ilikuwa ikirekodi muda wa kuingia na kutoka, na kwa bibi nilikuwa nikikaa dakika arobaini, hamsini.

"Ni mteja wangu wa mwisho," nikasema. "Ninakaa kwa muda wangu mwenyewe."

"Hilo ndilo gumu zaidi," akasema. "Ukiumwa wewe, anayekuja atafanyaje? Atamsomea na yeye?"

Akanihamishia njia nyingine, yenye wateja wengine. Nilikwenda kumuaga bibi, nikamwandikia namba yangu ya simu kwa ile kalamu nene, kwenye jalada la daftari, tarakimu kubwa kama za mlangoni.

Tuliendelea kwa simu. Ijumaa nilikaa jikoni kwangu Jordbro, chai mbele yangu, nikamsomea chati. Nilimsikia akiandika. Nilikuwa nimeacha zamu za Ijumaa, na majirani wakipokea wageni wao sikuwasikia tena. Masika yakapita hivyo, na kiangazi chote.

Ijumaa moja mwanzoni mwa vuli simu iliita bila kupokelewa. Jumamosi pia. Jumatatu nikamwendea msimamizi.

"Hayuko kwetu tena," akasema.

"Amekwenda wapi?"

"Unajua siwezi kukuambia."

Nilijua. Habari za mteja ni siri, na karatasi aliyoitia saini yeye nami nilikuwa nimeitia. Mimi sikuwa ndugu. Sikuwa tena hata mhudumu wake. Nikaenda Vällingby, nikasimama chini ya jengo mpaka mama mmoja mwenye mbwa akatoka. Akaniambia gari la wagonjwa lilikuja, bibi alianguka bafuni. Hospitali gani hakujua. Nilipiga ile namba kila Ijumaa hadi sauti ya mashine ikaniambia haitumiki.

Karibu na mwisho wa mwaka mwanamume alinipigia akisema Kiingereza. Alikuwa mpwa wa bibi, mtoto wa yule dada, amekuja kutoka Uingereza kufunga nyumba. Bibi alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita katika makao ya wazee upande wa kusini. Mpwa alikuwa amekuta namba yangu kwenye daftari na hakujua ni ya nani. Nilipokata simu nilipiga hesabu: yale makao yako vituo viwili vya treni kutoka kwangu. Nilikuwa nikipita hapo asubuhi na jioni.

Jumamosi nilikwenda kumsaidia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa glavu za mpira. Madaftari yalijaza kabati zima la chumba cha kulala.

"Haya ni nini?" akaniuliza.

Kwa Kiingereza changu kibovu nikamweleza yote. Nilimweleza juu ya zile Jumapili, redio mbili, na dada wawili wakizisikiliza kwa saa ileile. Alisikiliza huku ameshika daftari moja kifuani. Nilipomaliza alikaa kitandani.

"Jumapili jioni mama alikuwa kazini," akasema. "Alisafisha hospitali. Zamu ya Jumapili, miaka yote niliyokuwa mdogo. Baba ndiye aliyetulaza."

"Labda kabla hujazaliwa," nikasema.

"Labda."

Sikujua kama bibi alilijua hilo. Yawezekana dada alimwandikia, naye akaendelea tu. Yawezekana dada aliona aibu kuiandika kazi yenyewe. Mpwa alitafuta daftari la wiki aliyozaliwa, akalipata, akasoma arobaini zote kwa sauti ndogo, akaliweka kwenye begi lake. Mengine tuliyateremsha kwenye chumba cha taka za karatasi, safari kumi na moja kwa lifti. Aliniuliza kama nataka moja. Nikasema hapana. Nilitaka kulia, na sikutaka kulia mbele yake, naye nadhani vivyo hivyo, kwa hiyo tukapeana mikono kwenye mlango wa lifti kama watu waliokwisha kuuziana kiti.

Nikiwa ndani ya treni nilimpigia binti yangu. Nikamwambia kuna bibi mmoja amefariki.

"*Vilken?*" akauliza. Yupi?

Nikagundua sikuwahi kumtajia. Mwaka mzima na zaidi, kila tulipoongea nilimuuliza tu kama amekula na kama ana koti la baridi. Nikaanza mwanzo, tangu ile orodha na samaki aliyepoa. Alinisikiliza mpaka nikavuka jiji zima. Mwishoni akanijibu, kwa Kiswidi, kwamba atajaribu kuja Krismasi. Hakuja, alipata zamu.

Januari niliomba nirudishiwe zamu za Ijumaa jioni. Nikapangiwa mzee mmoja wa ghorofa ya chini, dakika ishirini, ambaye hapendi mtu aongee wakati anakula.