Bei Imeandikwa Mlangoni kwa Nemesio

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nemesio Choquevillca anachemsha birika la maji, na maji hayo si ya kunywa. Anayajaza kwenye chupa mbili, anaziziba vizuri, kisha anazizamisha taratibu ndani ya beseni la dawa ya kusafishia filamu. Kwa baridi hii ya Juni ya Potosí, mji wa migodi juu milimani Bolivia, dawa hulala. Ikilala, picha hutoka kijivu, na mgonjwa hurudishwa kulipa upya.

"Dawa ni kama mtu wa zamu ya asubuhi," anasema. "Humpi kitu cha moto tumboni, halafu unataka kazi?"

Nje ya zahanati ya parokia watu wameshapanga foleni, mablanketi mabegani, majani ya koka ya kutafuna shavuni. Mlangoni umegongomelewa ubao wenye herufi nyekundu zilizolalia upande mmoja: PICHA YA KIFUA BOLIVIANO 55. FILAMU, DAWA, UMEME, DAKTARI WA KUSOMA. HAKUNA KINGINE.

Aliuandika Nemesio mwenyewe, mzee wa miaka 61 aliyeishia darasa la nne.

Wa tatu katika foleni ni Eduarda Jancko, miaka 52, mponda mawe. Kwa miaka thelathini amekaa chini ya mlima akipasua kwa nyundo mabaki ya mgodi, akiokota madini waliyoyaruka wanaume. Vumbi lile lote limemwingia kifuani. Siku hizi akipanda ngazi tano hukaa kwenye ya sita.

Leo, Ijumaa, saa sita mchana, dirisha la pensheni ya wagonjwa wa mgodi linafungwa mpaka mwakani. Asipofikisha picha inayosomeka, ataanza foleni upya. Kwa mtu mwenye kifua kile, mwakani ni mbali sana. Na ndani ya shali yake zimebaki boliviano 60.

Si kwamba hakupiga picha. Amepiga mbili, mjini. Ya kwanza alitozwa 90, ikarudishwa: kuna doa jeupe upande wa kushoto, picha haisomeki. Akaenda kliniki nyingine, yenye kompyuta na viti vya ngozi, akatoa 180. Doa likatokea palepale.

"Wakasema labda ni risasi," Eduarda anawasimulia wenzake. "Nikawauliza, risasi ya nani? Mimi na marehemu mume wangu tulipigana kwa masufuria tu."

Foleni nzima inacheka, kisha foleni nzima inakohoa.

Ukimuuliza Nemesio kwa nini kifua kilekile kiuzwe 55 hapa, 90 kule na 180 kwa jirani, hatukani kila mtu. Anakubali kwamba mashine ya kompyuta ilinunuliwa ghali na lazima irudishe gharama yake. Anakubali kuwa kuna wanaopiga mara mbili, mbele na ubavuni, na hiyo ni filamu mbili. Bei nyingine ina daktari wa kusoma, nyingine haina. Mgonjwa hujua tofauti hiyo akiwa ameshalipa. Yeye mwenyewe anaweza kutoza 55 kwa kuwa chumba ni cha parokia, mashine ni ya msaada, na daktari Ximena Arrázola husoma picha Jumanne na Ijumaa kwa malipo madogo.

Anachokikasirikia ni kingine.

"Kuna kumi ya yule aliyekuelekeza pale, na ishirini ya kuonekana una shida," anasema. "Hizo hazimo kwenye filamu. Nimesafisha filamu miaka ishirini na mbili, sijaziona."

Na wakubwa wanajua. Walikuja miaka miwili iliyopita na bendi ya tarumbeta, wakakata utepe wa mashine mpya ya umma ambayo ingepiga bure. Mpaka leo imevikwa nailoni, inasubiri waya. Wao wakikohoa, hupanda ndege kwenda La Paz. Vumbi la mlima huu limewajengea ghorofa, lakini halijawahi kuwaingia puani.

Nemesio hasemi hayo ya bei kwa kusikia. Mkewe, Gregoria, naye alikuwa mponda mawe. Alipoanza kukohoa walikwenda kliniki moja waliyoambiwa hutoza 80. Walipofika dirishani ikawa 140. Walirudi nyumbani kutafuta iliyopungua, wakauza kondoo, wakarudi baada ya wiki saba. Gregoria alipigwa picha hiyo akiwa amelala, kwa sababu kusimama kulishamshinda.

"Wangeandika mlangoni, ningeuza kondoo kabla," anasema Nemesio. Basi. Anarudi kupangusa mashine.

Wakati huo alikuwa mfagiaji wa zahanati hii. Baada ya mazishi alimwomba mtawa aliyeendesha mashine amfundishe. Alifeli mtihani wa cheti mara mbili, wa tatu akafaulu. Cheti kimetundikwa juu ya beseni, kimepigwa na mvuke mpaka muhuri umefifia, na hataki kukihamisha. Kwa miaka sita sasa, hakuna picha yake hata moja iliyorudishwa na ofisi ya pensheni. Mjini hakuna mwingine awezaye kusema hivyo.

Eduarda anaitwa ndani. Nemesio anainua zile picha mbili dirishani, anatazama doa. Anachukua kisahani cha udongo chenye majani ya koka, anakiweka juu ya kiti, halafu anageuka kuutazama ukuta.

"Mama," anasema kwa upole, "kama umekuja na mgeni, apumzike hapa. Mimi sioni."

Nyuma yake shali inafunguliwa. Kisha sauti ya uzi unaokatwa kwa meno.

Wanawake wa mlima huu, siku ya kwanza ya kazi, hushonewa na mama zao kijiwe cha madini ndani ya fulana, upande wa moyo, ili mlima uwajue. Hakitajwi, wala mwanamume haonyeshwi. Nemesio alikijua kwa Gregoria.

"Kule waliniambia nitoe vyuma," Eduarda anauambia ule mgongo. "Nikatoa hereni, nikatoa pete. Hili ni jiwe, Fundi."

"Ni jiwe, mama. Ila lina risasi tumboni, ile ya madini, na mashine haina adabu. Simama hapa. Kidevu juu. Vuta pumzi, ishike."

Mara mbili kikohozi kinamkatiza. Nemesio hagusi kitufe. Filamu ni moja kwa mtu mmoja. Mara ya tatu pumzi inakaa.

Saa nne na nusu anatoka chumba cha giza na picha inayodondosha maji. Mbavu zinahesabika moja moja. Doa la risasi halipo. Badala yake, mapafu yote mawili yametapakaa chembe nyeupe kama mchanga uliomwagwa.

"Imetoka vizuri?" anauliza Eduarda.

"Imetoka vizuri sana, mama," anajibu Nemesio, na macho yake hayapandi.

Daktari Ximena anaandika nusu ukurasa. Eduarda anashuka mtaa akipumzika kila kona, picha kifuani chini ya shali.

Saa saba anarudi. Karatasi ina muhuri: IMEPOKELEWA. Anachukua kijiwe chake kisahanini, na hapo anaona kuna kingine, kidogo, kilichong'aa kwa kushikwa.

"Na huyu mgeni wa nani?"

"Huyo ni mwenyeji," anasema Nemesio. "Anakaa na mimi."

Eduarda anaokota jani moja la koka. Anakifunika nalo.

Nyuma ya mlango kuna ubao mwingine, rangi bado mbichi. Nemesio ameshachora mbao kumi na moja na kuwapelekea wenye kliniki bure, watatu wamezining'iniza. Huu ni wa kliniki ile ya dirisha la 140. Wamemfukuza mara mbili. Nafasi ya bei ameiacha wazi, waijaze wenyewe, yoyote waitakayo, mradi isomeke kutoka barabarani.

Kesho Jumamosi atakwenda tena. Ameshaweka misumari minne mfukoni.