Mvua Ndani ya Kaseti ya Mama

Jumapili ya mwisho kabla mambo hayajaharibika, Papa alinigombeza kwa sababu ya betri. Nilikuwa nimezipanga dirishani zipate jua, maana betri iliyochoka ikiota jua hurudisha nguvu kidogo, lakini wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mimi sikuangalia. Radio ilipoanza kuimba kwa kuburuta, Papa alisema kwamba mtu wa miaka thelathini na minne anapaswa kutofautisha jua na kivuli. Nilimjibu moyoni tu. Nikazipasha betri kando ya mbabula, jiko letu la makaa, nikazirudisha, tukaanza upya.

Tulikuwa tunasikiliza kaseti ya kikundi chake. Zamani, kila Jumapili baada ya misa ya pili, watu wanne walikutana katika ukumbi wa parokia: padri mmoja Mbelgiji na violoni ya kwanza, Mwalimu Balola na ya pili, daktari mmoja wa Kasai na violoni nene kidogo, na Papa na violonsele, ile kubwa inayopigwa mtu amekaa, ameibana kwa magoti. Padri ndiye aliyemfundisha tangu shule. Siku za kazi Papa alikuwa karani wa serikali, mwenye mwandiko mzuri na suruali iliyopigwa pasi. Watu wa mtaa waliwaita wakwaruzaji. Muziki wenyewe hauna maneno, hauna ngoma, na ukijaribu kuucheza utaanguka. Papa alisema ni watu wanne wanaozungumza bila kukatizana, jambo ambalo Zaïre nzima ilikuwa imelisahau.

Mimi nilikuwa mrekodi wao. Mara moja tu walipiga kipande kizima bila kusimama, na siku hiyo mvua ilinyesha. Katikati ya sehemu ya polepole unasikia matone machache juu ya bati, halafu bati lote linanguruma. Violoni zinanyamaza, na violonsele inabaki chini ya mvua peke yake, inaendelea kama mtu anayejua njia ya kwao. Padri aliwaonyesha kwa kidevu wasiache. Hawakuacha.

Miaka michache baadaye padri alirudi kwao akafia huko, daktari akahamia Kinshasa, na Papa damu ikampanda kichwani. Mkono wake wa kushoto ulikufa. Violonsele ilisimama pembeni mwa sebule, imefunikwa kitambaa cha mezani, na vyote alivyowahi kupiga vikabaki ndani ya kaseti ile moja. Alikuwa akiisikiliza amefumba macho. Kabla tu ya tone la kwanza la mvua aliinua mkono wa kulia, kidogo hivi, kama anayemkaribisha mgeni. Hakukosea hata mara moja.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Siku ile ya kurekodi, mashine ilitafuna kaseti mpya niliyoletewa na padri. Watu wanne walikuwa wamekaa wananingojea, upinde wa Papa uko hewani. Mkobani nilikuwa na kaseti ya mama yangu, ya muziki wa kucheza, ile aliyoipenda kuliko zote. Mama alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Nikaziba vitundu vya juu kwa karatasi ili mashine ikubali kurekodi, nikafuta nyimbo za mama yangu.

Papa sikumwambia. Nilimwambia ni ile kaseti ya padri. Yeye hakuwa mtu wa kugusa mashine; mimi ndiye niliyetia na kutoa, daima nikimpa mgongo. Karatasi ya juu sikuibandua, ikabaki na picha ya waimbaji watatu wenye suruali pana. Tangu mama afe, Papa hakuweza kusikia nyimbo zile wala hakuziulizia. Uongo wangu ulidumu miaka kumi na mmoja bila kunisumbua. Papa aliamini kwamba kaseti ya kikundi iko katika kopo la biskuti, pamoja na zile kaseti zake za Ulaya alizoziandika majina kwa mwandiko wa ofisini.

Katika kopo hilohilo ilikuwamo kaseti moja mpya, bado imevaa nailoni yake. Aliileta Mwalimu Balola ili nimtolee nakala. Kazi hiyo ilidai radio mbili na waya, na radio ya pili ilibidi niiazime kwa jirani niliyekuwa nimekosana naye kwa sababu ya maji ya bomba. Kila Balola aliponiuliza nilimwambia wiki ijayo. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa violoni ya pili hata katika maisha.

Wiki ile ile ya betri tukaanza kusikia mizinga upande wa Nyangezi. Mwanzoni watu walibishana kama ni radi. Balola, ambaye mama yake aliishi Nyangezi, alipita nyumbani akamuaga Papa, akasema anakwenda kumchukua bibi kizee, atarudi kabla ya Jumapili. Papa alimwambia asiende. Mimi nilikuwa jikoni nachambua sombe, majani ya mihogo. Nilisikia sauti zao, sikutoka kumsalimia, kwa aibu ya nakala.

Siku mbili baadaye soko la Nyawera, hapa kwetu Bukavu, lilikuwa tupu. Soko lile, ambalo hata siku ya mazishi makubwa halikufungwa, lilibaki na meza na mbwa.

Askari wetu wenyewe walikuwa wanakimbia kabla yetu, na walikuwa wanakimbia na magodoro ya watu.

Nilifunga mzigo. Unga, sufuria, dawa za Papa, radio, kopo la biskuti alilokataa libaki. Violonsele aliitazama akaigeuzia uso. Kaseti ya mama niliifikiria sana, na hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Nilijua askari wanapekua mizigo ya wanawake hadi ndani ya vitenge. Mzee mgonjwa hawamgusi. Nikaitia kaseti katika mfuko wa ndani wa koti la Papa, nikafunga kifungo.

Aliipapasa, akaitoa, akaona picha ya wale waimbaji watatu.

"Umekumbuka mama yako," akasema. "Asante, mwanangu."

Ningeweza kusema wakati ule. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa, nilikuwa na dakika tano nzima. Nikasema tuondoke.

Tulishika barabara ya Kavumu, ziwa mkono wa kuume, pamoja na Bukavu yote. Papa alitembea ameniegemea. Watu hawakupiga kelele kama mnavyodhani. Ilikuwa sauti ya miguu tu, na kikohozi, na watoto wanaoulizwa kama bado wanaweza.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa njiani. Askari watatu.

Kila mtu alijua desturi ya kizuizi. Unatoa kitu kabla hujaombwa, kidogo cha kumtuliza, unaita jina la Mungu, unapita. Nilikuwa nimetenga sabuni mbili. Askari mmoja, kijana mwenye macho mekundu, hakuzitazama hata. Alichukua radio. Halafu akafungua kopo.

Akasoma moja, akasoma ya pili. Majina yale ya Kizungu yalimshinda.

"Hii iko ya kanisa?"

Nikamwambia ndiyo, iko ya kanisa. Akasema basi kopo zima linabaki, watazifuta, watarekodi muziki wa watu wazima.

Papa alikuwa bado ameniegemea begani. Kwake yeye, mikono ya mtu huyu ilikuwa imeshika maisha yake yote. Akaachia bega langu. Akafungua kifungo cha koti kwa mkono ule mmoja, taratibu, akatoa kaseti ya mama.

"Mwanangu, acha ile ya kanisa, haitakusaidia," alimwambia askari. "Kamata hii. Iko ya kucheza. Ilikuwa ya bibi yangu."

Halafu alinigeukia, na machoni mwake aliniomba msamaha.

Sikusema.

Kama ningesema si hiyo, askari angetaka kujua kwa nini. Hivyo ndivyo ninavyojieleza. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana, mwanamke mmoja alikuwa ameanza kulia, bunduki ilikuwa inaning'inia karibu na tumbo langu. Yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja ya kunyamaza, na mdomo ulishazoea.

Askari aliitazama picha, akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema kwa Kilingala hakuna neno, mzee aende. Akatusukumia kopo letu kwa mguu.

Tulipita.

Tulitembea siku tatu hadi Kalehe, kwa dada yake Papa, tuliyemwita tantine. Nyumba ilikuwa na watu kumi na tisa na choo kimoja. Papa alikuwa mtulivu kiasi cha kunikera. Alilala na kopo chini ya kichwa. Alimwambia kila aliyetaka kusikiliza jinsi alivyomchezea askari akili: ametoa kaseti ya mke wake, Mungu amsamehe, lakini muziki umepona. Tantine alimsifu. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Wiki ya pili alikuja mtu kutoka barabara ya Nyangezi akatuambia kwamba Mwalimu Balola hakufika kwa mama yake. Risasi zilimkuta njiani na baiskeli yake. Walimzika pale pale, kandokando ya shamba la mihogo. Papa hakulia. Alasiri aliniambia niazime radio ya jirani.

"Weka ile yetu," akasema. "Nataka kumusikia Balola."

Nilichukua kopo. Kati ya kaseti za Ulaya ilikuwamo moja yenye kipande kilekile, kimepigwa na mabwana wanne wa huko, wale ambao Papa alijifunza kwao kwa kurudisha nyuma na kurudisha nyuma. Nilimpa mgongo kama kawaida. Nikaitia. Ndiyo, nilifanya hivyo. Nilidhani huzuni itamziba masikio.

Walipiga vizuri mno. Hakuna kiti kilicholia, hakuna aliyekohoa. Papa alifumba macho, na mwanzoni nilidhani nimepona. Ikaja sehemu ya polepole. Watu waliokuwa sebuleni walinyamaza, hata wasioelewa. Papa akainua mkono wa kulia, kidogo hivi.

Mkono ukakaa hewani.

Wale mabwana waliendelea, safi, wakavu. Mkono wa Papa ulikaa hadi ukaanza kutetemeka.

"Mvua iko wapi?" akauliza.

Nilizima radio. Nikamwambia yote mbele ya tantine, kuanzia mashine iliyotafuna kaseti hadi kizuizini. Sikuyapamba wala sikujipamba. Alisikiliza akiitazama sakafu.

"Basi miye mwenyewe njo nilimupa askari," akasema. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

"Ndiyo, Papa."

"Nyimbo za mama yako ulifuta. Yetu ukaacha niitoe kwa mukono yangu." Alipumua. "Na Balola alikuomba nakala."

Angenipiga ningefurahi. Aliomba tu asaidiwe kutoka nje akakae kivulini, akamwomba tantine, si mimi.

Tulirudi Bukavu baada ya miezi miwili. Nchi ilikuwa inajiandaa kubadili jina. Nyumba ilikuwa imefagiwa kila kitu, hadi vitasa vya milango, lakini violonsele ilikuwa imesimama palepale pembeni. Walichukua kitambaa kilichoifunika. Papa aliishi mwaka mmoja zaidi. Aliongea nami kuhusu dawa, chakula, na kodi ya kiwanja. Kaseti hakuitaja tena, na mimi nilikuwa mwoga wa kuitaja. Nilimkasirikia kwa kuwa mwerevu siku ile, hebu fikirini, nilimkasirikia mgonjwa aliyetoa alichodhani ni kumbukumbu ya mke wake. Hasira hiyo haijaisha yote. Ilibadili mtu tu, ikahamia kwangu.

Najua ilikuwa kaseti. Katika barabara ile kuna waliowaacha watoto wao chini ya majani ya migomba. Simwambii mtu kwamba msiba wangu ni sawa na wao. Ila bado namwona yule askari, jioni yake, amekaa juu ya godoro la watu, anabonyeza apate kucheza. Anasikia watu wanne wanakwaruza. Anangoja ngoma ianze, anapeleka mbele, anasikia mvua. Anaitupa mtaroni. Labda hata mvua yenyewe aliisikia vizuri kuliko sisi sote, sijui, na kutojua huko kunanichosha.

Miezi michache baada ya kumzika Papa, mjane wa Balola alikuja nyumbani. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na viatu vya mtu mwingine. Nyumba yao iliungua, hakuna picha iliyobaki, na mtoto wake wa mwisho ameanza kumsahau baba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Maman, mwalimu aliniambiaka alikuachia kaseti," akasema, "umutilie ndani ile muziki yao. Nimekuja kuikamata."

Nilikwenda kwenye kopo. Nilimletea kaseti yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaona nailoni bado haijafunguliwa.