Mstari Chini ya Tangazo la Sabuni

Mzee Abdulhussein ana tabia moja mbaya, na miaka themanini na miwili haijamponya: akiona nguo, sharti aigeuze ndani akague mshono. Nje, husema, hata mwongo hupendeza. Ndivyo Dative, mpangaji mwenzake, alivyomkuta katika chumba cha kufulia cha jengo lao, mtaa wa Flemingdon Park, Toronto, mikono yote miwili imezama ndani ya joho la kwaya lisilo lake.

"Papa, unatafuta nini mu nguo yangu?"

"Nani kashona hili?"

"Ni mimi."

"Na hayo mengine?"

"Yote. Makumi tatu na mbili."

Mzee alipitisha kidole gumba kwenye mshono toka kwapani hadi kwenye pindo, akitafuta uzi uliochomoza. Hakuupata. Akaomba radhi, ingawa kwa kuchelewa, kisha akauliza bibie anashona kiwanda gani. Hapo uso wa Dative ukaanguka. Kwao Bukavu, Kongo, alikuwa na cherehani tatu na wanafunzi wake. Hapa mwaka wa pili ulikuwa unakatika akisafisha ofisi za watu, leo kazi ya saa nne tu, kesho hakuna. Viwandani kote alikobisha hodi aliulizwa jambo moja, uzoefu wa kazi nchini humo.

"Ekisperianse ya Kanada," alisema. "Niitoe wapi, papa, kama hakuna mwenye kunipa kazi? Sasa iko kiwanda moja kule Agincourt, bananiita tarehe kumi na tano. Banasema nilete kitu ya kuonyesha. Nilete nini? Mikono?"

Mzee alimrudishia joho lake. Alimwambia asiondoke, akapanda lifti hadi ghorofa ya tisa, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na programu ya sarakasi, kijitabu kilichokwisha kuwa rangi ya chai. Jaladani tembo alisimama kwa miguu miwili. Ukurasa wa pili alikuwapo Madam Padmini, mwenye sarakasi, wima juu ya farasi mweupe, ametulia kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Mashine zikizunguka nyuma yao, alimsimulia. Mwaka 1962 sarakasi hiyo ilitoka Bombay ikazuru miji ya Afrika Mashariki. Siku ya pili walipokuwa Tanga, upepo ulipasua paa la hema toka mlingotini hadi ukingoni. Mafundi wakubwa wa mji walikuja, wakatazama, wakatikisa vichwa. Abdulhussein alikuwa na miaka kumi na tisa, mshona maturubai ya malori. Akavua viatu akaingia kazini. Alishona siku mbili ameketi juu ya turubai lenyewe, vidole vinavuja damu, na ngamia mmoja anamtazama kwa dharau. Akapewa haki yake na tiketi mbili, na yeye akadhani yamekwisha.

Mwezi mmoja baadaye dereva wa lori alimletea kutoka Mombasa programu mpya. Ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la sabuni, palipigwa chapa kwa Kiingereza mstari mmoja: Hema hili limeshonwa na Bwana Abdulhussein, fundi wa Tanga.

"Hakuna aliyemwomba yule mama," mzee alisema. "Hakuna hata mmoja."

Miaka kumi na miwili ikapita, akafika Toronto na marehemu mkewe, Jenabai, na masanduku mawili. Swali lile lile la Dative lilikuwa linamngoja kwenye kila mlango. Mlango wa tano ulikuwa wa kiwanda cha maturubai. Alipoishiwa maneno, akatoa programu. Msimamizi akatazama tembo, akatazama farasi, akafika kwenye sabuni, akausoma ule mstari mara mbili. Kisha akasukuma kipande cha turubai mezani na kumwambia aonyeshe. Abdulhussein alikaa pale miaka thelathini na mmoja. Mstari ule ndio uliosomesha watoto wake watatu, akiwemo mmoja anayekaa mji jirani wa Markham, anayemhimiza atupe makaratasi ya zamani.

Jambo moja tu lilimuuma: hakuwahi kushukuru. Barua aliyoipeleka Bombay ilirudi. Sarakasi ilikuwa imevunjika, na Madam Padmini hakuna aliyejua aliko.

"Majoho haya ya lini?" akauliza ghafla.

"Jumapili. Kwaya inatimiza miaka kumi."

"Mtagawa programu?"

"Iko. Josué njo anaitengeneza."

Josué, katibu wa kwaya, alikaa jengo la pili. Walimkuta kwenye kompyuta, programu karibu imekwisha, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili kwa ajili ya watoto. Kuhusu majoho iliandikwa: Sare, kwa neema ya Mungu.

"Ongeza jina la fundi," mzee alisema.

"Mzee, kwetu hatuandikake majina ya watu. Utukufu ni ya Mungu. Na Dative mwenyewe njo aliomba vile."

Dative akatazama sakafu. Ni kweli aliomba hivyo. Kujitaja aliona ni kujivuna. Mzee alisita kidogo, maana nyumba haikuwa yake wala dini haikuwa yake.

"Mwanangu, neema ni ya Mungu, sina ugomvi nalo. Lakini Mungu hatafuti kazi. Anayetafuta ni Dative."

Josué akacheka hadi akavua miwani. Neema ya Mungu hakuifuta. Chini yake akaandika, kwa lugha zote mbili: Zimeshonwa na Dative Nabintu, fundi wa Flemingdon Park.

Jumapili mzee alialikwa, akaketi safu ya nyuma. Nyimbo zote zilimpita, macho yake yalikuwa kwenye pindo.

Tarehe kumi na tano Dative alikwenda Agincourt na programu, na joho moja lililogeuzwa ndani kwa amri ya mzee. Siku hiyo Abdulhussein alimimina chai akaisahau. Aliogopa. Kama ule mstari usingefaa kitu, basi maisha yake yote yalikuwa bahati tu, na bahati hairithishwi mtu. Alasiri hodi ikapigwa. Dative alikuwa mlangoni, theluji bado mabegani.

"Papa, mukubwa wa kiwanda amesoma! Kisha akanipa kitambaa nishone mbele yake. Ninaanza juma ijayo!" Akawa anataka kupiga magoti. "Aksanti, papa, aksanti."

"Simama, mwanangu. Mimi nimepokea tu nikapitisha." Akafungua kijitabu kwenye ile picha ya farasi. "Mwenyewe huyu hapa."

Dative akakishika kwa mikono miwili. Akamtazama Madam Padmini, na bila haya yoyote akasema naye kama jirani aliyekutana naye ngazini.

"Aksanti, mama. Aksanti sana."

Miaka hamsini Abdulhussein alikuwa akitafuta anwani ya kupelekea maneno hayo. Alisogea, akaweka kofia yake sawa.

"Ahsante, Madam," naye akasema. Kisha akaenda kuchemsha chai nyingine, maana ile ya asubuhi ilikuwa imepoa.