Bomba Lenye Matundu Matatu

Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2019, saa tatu na nusu asubuhi, Senga Purdie aliinua mkono kazini kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili.

Senga, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni mshonaji katika karakana moja nje ya mji wa Paisley. Anashona kwa mkono mabomba ya kitambaa yenye pete za waya, yanayoingizwa ndani ya mshipa mkuu wa damu ukishavimba na kutishia kupasuka. Kila bomba la matundu, yale yanayopeleka damu kwenye figo na viungo vingine vya tumboni, hushonwa kwa vipimo vya mgonjwa mmoja. Mchoro hauna jina, una namba tu. Mshonaji akihisi anamjua mwenye namba, huinua mkono, husema "namjua," na hatamki zaidi ya hapo; kazi hupewa mwingine. Mkono wenye hofu huvuta uzi kupita kiasi.

Mchoro wa asubuhi hiyo ulikuwa na matundu matatu badala ya manne. Mgonjwa alikuwa na figo moja. Chini yake palichorwa bomba kuukuu, lililowekwa miaka tisa nyuma kwa kupasua tumbo. Archie, kaka yake Senga, fundi wa mapaa, aliondolewa figo ya kulia baada ya kuanguka akiwa na miaka kumi na tisa. Alipasuliwa tumbo mwaka 2010. Sasa mshipa ulikuwa umevimba tena, juu ya bomba lile la zamani, na madaktari walisema tumbo lile halifunguliki mara ya pili.

"Namjua," Senga alisema.

Msimamizi, Douglas Kerr, alichukua mchoro na kuuweka kwenye meza ya pili. Mwezi huo walikuwa wawili tu wenye kibali cha kushona matundu. Wa pili alikuwa Effie Lamont, na Alhamisi iliyotangulia mkaguzi alikuwa amemrudishia Effie bomba zima kwa mishono iliyolegea.

"Usinitazame hivyo, shoga," Effie alisema, jicho kwenye lenzi. "Utanitoboa mgongo."

"Nakutazama wewe? Najinyoosha shingo."

"Inyooshe kwenye dirisha."

Kwa wiki tatu Senga alikaa hatua mbili kutoka kwenye kazi ile bila ruhusa ya kusema neno. Tundu la figo likikaa milimita chache pembeni, figo pekee ya Archie ingekosa damu. Effie alishona huku akiimba, akisengenya majirani, akilaumu golikipa wa timu yake.

Jumapili Archie alikuja kula kwa dada yake.

"Ni wewe unanishonea?"

"Kula viazi, Archie."

"Basi mwambie huyo anayeshona asinitie maua. Mimi si pazia."

Senga alicheka, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Siku ya kumi na tatu Effie aliacha kuimba. Senga aligeuka. Mwenzake alikuwa anafumua safu nzima kuzunguka tundu la figo, kazi ya siku mbili, mshono mmoja mmoja.

"Mbona unafumua?" Swali lilimtoka. "Mkaguzi angeipitisha hiyo."

"Angeipitisha."

"Sasa?"

"Mkaguzi hatalivaa, mama. Rudi kwenye kazi yako."

Senga alirudi. Usiku huo, anasema, ndio wa kwanza aliolala usingizi kamili tangu aone ule mchoro.

Mkaguzi alilipitisha bomba mara ya kwanza. Aprili 16 madaktari waliliingiza kupitia kinena, likiwa limekunjwa ndani ya mrija mwembamba, wakalifungua mahali pake na kuunganisha kila tundu na mshipa wake. Ilichukua saa nne. Asubuhi iliyofuata figo ilikuwa inafanya kazi, na Archie alikuwa anagombana na muuguzi kuhusu soseji.

Effie aliambiwa jina baada ya hapo, na Senga mwenyewe, pamoja na ule utani wa maua.

"Ungeniambia ningetia maua," alisema.

Archie atapigwa picha ya kwanza ya uchunguzi Mei 20. Senga ameomba ruhusa siku hiyo, na Effie atakalia meza zote mbili.