Mnyama wa Ndani ya Kifuniko

Nilifika Katangi nikifuata kazi ya kupakia mchanga kwenye malori, nikabaki kwa sababu ya picha. Kuta za maduka zilikuwa na wanyama ambao sikuwahi kuwaona porini, wala kwenye vitabu vichache nilivyofungua kabla ya kuacha shule. Kifaru mwenye kilemba cha jogoo. Twiga aliyejikunja apite chini ya dirisha la kinyozi. Nilimtafuta mchoraji, mzee mkimya, nikawa namchanganyia rangi.

Mke wake alipofariki, mzee aliomba jambo moja tu: achore mnyama kwenye jeneza. Kiongozi wa kanisa alikataa kwa upole. Alisema jeneza la Mkristo ni la msalaba, na watu wangeuliza.

Dada ya marehemu alikuwa kando akichagua ndengu.

"Mlizika mtu na suti ya kuazima, hamkuuliza," alimwambia. "Leo mnaogopa mnyama wa rangi?"

Wanaume waliokuja msibani walicheka kidogo, wakainamisha vichwa. Kiongozi alilizunguka jeneza, akagonga kifuniko kwa kidole. Mwishowe alisema msalaba utakaa juu, mahali watu wanapotazama. Ya ndani hakuwa na neno nayo.

Asubuhi ya mazishi tulikilaza kifuniko juu ya viti, upande wa ndani ukitazama juu. Mzee alichora mnyama mwenye mwili wa ng'ombe, shingo ya kobe na masikio mapana kama majani ya malenge. Nilimuuliza anakula nini. Mkono wake ukasimama.

"Hiyo ilikuwa kazi ya mke wangu," alisema. "Mimi nachora, yeye ananiambia anakula nini. Nikishachora chakula, ndiyo najua nimemaliza."

Hapo nikaelewa kwa nini kila ukuta ulikuwa na kitu pembeni: kumbikumbi, muhogo, mahali pengine mwezi uliomegwa kipande.

Nikataja nyasi. Nikataja mabua ya mahindi. Alitikisa kichwa, bila hasira. Nje nyimbo zilikuwa zimeanza, na seremala akaja kuuliza kama tungoje rangi ikauke.

Mzee aliitazama kona tupu ya kifuniko, mahali pa chakula, kisha akaifuta brashi kwa kitambaa.

"Fungeni," alisema. "Atamlisha yeye mwenyewe."

Tulikishika kifuniko kwa ncha za vidole, mimi na yule kiongozi wa kanisa, tukakigeuza polepole juu ya marehemu.